Uliza Mkunga: Mtoto Akishazaliwa

Barua tatu nilizochagua mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu saa na siku zinazofuata baada ya kujifungua, kipindi ambacho jamaa hushusha pumzi na kuanza kupashana habari njema kwa simu, ilhali sisi wa wodi ya wazazi ndipo tunapozidisha macho.

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nimejifungua mtoto njiti wa wiki 32, mwenye gramu 1,600. Nilitarajia awekwe kwenye mashine ya joto, lakini wauguzi walimvua nguo, wakambakiza na nepi na kofia, wakamlaza kifuani pangu na kunifunga kitenge. Mama mkwe amekasirika sana. Anasema tumefanyiwa hivyo kwa sababu hatuna pesa, na anataka tumhamishie mtoto hospitali ya binafsi yenye mashine. Je, ni kweli kwamba hii ni tiba ya maskini? (Mama Njiti, Korogwe)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera ya uzazi. Kuhusu asili ya jambo hili, mama mkwe wako hajakosea. Njia hii ya kumlaza njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, huitwa njia ya kangaroo, nayo ilianza mwaka 1978 katika hospitali moja mjini Bogotá, Kolombia, ambako daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine, hata ikalazimu mashine moja ilaze zaidi ya mtoto mmoja na watoto wakawa wanaambukizana magonjwa. Ilizaliwa na uhaba, hilo tusilifiche. Alipokosea ni kudhani kwamba imebaki pale pale ilipozaliwa.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na hospitali yetu ya Muhimbili ilikuwa mojawapo. Walihusishwa watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, yaani watoto wa uzito kama wa wako. Kundi moja liliwekwa kifuani tangu mwanzo kabisa, na jingine lilitunzwa kwanza kwenye mashine hadi hali zao zitulie, kama ilivyokuwa desturi. Kufikia siku ya 28, waliofariki katika kundi la kifuani walikuwa asilimia 12.0, na katika kundi la pili asilimia 15.7. Tofauti hiyo iliwafanya wasimamizi wausitishe utafiti kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine kifua cha mama. Tazama vizuri ulinganisho huo: haukuwa kati ya kifua na kukosa huduma, bali kati ya kifua na hiyo hiyo mashine anayoitamani mama mkwe. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hii ianze mapema iwezekanavyo kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Sababu zake si za ajabu. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo hupoteza joto haraka, na mtoto aliyepoa hunyonya vibaya, sukari yake hushuka, na kupumua kwake hulegea. Kifua cha mama humpa joto bila kungoja umeme. Vijidudu vya kwanza kutua kwenye ngozi yake huwa ni vya mama yake badala ya vile sugu vya hospitalini, na maziwa huwa karibu na hutoka kwa wingi zaidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana nimeona akina mama wakifungwa kitenge asubuhi na kufunguliwa saa moja baadaye ili wageni waingie kumwona mtoto. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na shingo isiyokunjwa, ili njia ya hewa ibaki wazi. Funga kitenge kikaze kiasi kwamba ukisimama hateremki. Usiku lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Kama hajaweza kunyonya, kamua maziwa apewe kwa kikombe kidogo au kwa mpira, kama wauguzi watakavyokuelekeza. Endelea hata mkiwa nyumbani, mpaka akaribie kilo 2.5 au aanze mwenyewe kujinyonganyonga na kutaka kutoka, ambayo ni ishara ya kupendeza kweli kweli.

Mtoto anayepumua kwa taabu, mwenye degedege au asiyeweza kulishwa anahitaji pia oksijeni, dripu na dawa, wala kitenge hakichukui nafasi ya hivyo. Muulize muuguzi wa zamu kama wako yumo katika hali hiyo. Ikiwa lazima ahamishwe, asafiri akiwa kifuani, kwa sababu njiti aliyeviringishwa blanketi na kupakatwa ndani ya gari hufika amepoa.

Kuhusu mama mkwe, nakushauri umpe zamu. Bibi na baba wanaweza kumbeba mtoto kwa njia hii unapokwenda kuoga au kula. Aoge, asijifukize udi wala kujipaka manukato, avue blauzi, akae kwenye kiti cha kuegemea. Nimewaona wakwe wengi wakipanda wodini na hasira zao, kisha baada ya nusu saa wanakataa kumrudisha mtoto.

SWALI: Mke wangu ana siku kumi tangu ajifungue. Kadi ya kliniki inaonyesha tarehe ya kurudi, lakini mama yangu amekataza asitoke nje mpaka arobaini. Tangu juzi mke analalamika kichwa kinamgonga, na mama anasema ni uchovu wa kukesha na mtoto. Nifanye nini bila kumvunjia mama heshima? (Baba wa Kwanza, Bagamoyo)

JIBU: Barua yako ilipofika nilimwomba mhariri akupigie simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kichwa cha namna hiyo hakingoji gazeti litoke. Ninajibu hapa kwa faida ya wengine.

Kifafa cha mimba, yaani degedege la mzazi linaloambatana na shinikizo la damu kupanda, licha ya jina lake, huweza kumpata mama hata baada ya mimba kwisha. Mara nyingi hutokea ndani ya siku mbili za mwanzo, lakini hatari haiishi hapo, na shinikizo la damu laweza kupanda katika wiki zinazofuata kwa mama ambaye halikuwahi kumsumbua alipokuwa mjamzito. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au nyota, na maumivu chini ya kifua upande wa juu wa tumbo vinataka kipimo cha shinikizo la damu siku ile ile. Vivyo hivyo damu inayolowesha kitambaa mara kwa mara au kutoka na mabonge makubwa, homa, uchafu wenye harufu mbaya, na mguu mmoja kuvimba na kuuma. Usafiri ukikosekana, piga namba 115 ya mfumo wa m-mama. Simu hiyo ni ya bure, na hutafutiwa gari la wagonjwa au, lisipokuwepo, dereva wa jirani aliyesajiliwa.

Arobaini siipingi. Kumpumzisha mzazi, kumpikia mtori na kumwondolea ndoo na jembe ni hekima ambayo wenzetu wengi wa mijini wameipoteza na wanaijutia. Ninachopinga ni kuigeuza kifungo. Mzazi anatakiwa kuangaliwa katika saa 24 za kwanza, tena kati ya siku ya pili na ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ukihesabu, utaona kwamba karibu ziara zote zimo ndani ya arobaini. Mwombe mama yako amsindikize mkwewe mwenyewe, amfunike khanga atakavyo, na ashuhudie kipimo kikisomwa. Nawe omba mkeo asikandwe kwa maji yanayounguza, hasa kama alishonwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya mwaka 2015/16. Vifo vya watoto wachanga ndani ya siku 28 za mwanzo vimetoka 25 hadi 24 tu kwa kila 1,000. Kwa macho yangu ya uuguzi, pengo hilo linaonyesha kwamba tumejifunza kumfikisha mama leba kuliko tulivyojifunza kumfuatilia mtoto akishatoka leba, na mama anayefungiwa ndani hufungiwa na mwanawe.

SWALI: Mimi ni muuguzi mpya katika zahanati. Oksitosini yetu, ile sindano ya kukaza mji wa mimba ili mzazi asitokwe damu nyingi, hukaa kabatini kwa sababu friji ni ya chanjo, na mwenzangu wa chanjo hataki kitu kingine kiingizwe humo. Mwezi uliopita mama mmoja alitokwa damu nyingi ingawa nilimchoma sindano mara tu mtoto alipotoka. Tulimpa rufaa, akapona, lakini sijatulia. (Muuguzi, Katavi)

JIBU: Mwenzangu, siwezi kukuambia kwamba dawa ndiyo iliyokuangusha, kwa kuwa mji wa mimba hugoma kwa sababu nyingi, na damu hutoka pia kwenye michubuko au kondo lililobaki. Hata hivyo oksitosini inataka nyuzi joto 2 hadi 8, isigande, na ikiharibiwa na joto hubaki maji meupe yasiyo na tofauti machoni na ile nzima. Katika kituo changu cha kwanza tuliiweka dirishani, karibu na mkono, na tulijiona hodari.

Mwoneshe mwenzako kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja linaloruhusu oksitosini itunzwe katika mnyororo baridi wa chanjo, yaani friji na masanduku ya baridi ya chanjo. Hofu yake ya kuchanganya vichupa ni ya haki, kwa hiyo iwekwe kwenye boksi lake lenye maandishi makubwa, mbali na chanjo, na zitolewe zile tu za zamu hiyo.

Jambo la pili ni kupima damu badala ya kuikadiria, maana damu iliyonywewa na khanga na godoro hutudanganya sote. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia plastiki yenye vipimo inayotandikwa chini ya mzazi, na hatua zote za tiba zikaanza kwa pamoja: kusugua tumbo, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, na kumkagua mama. Kutokwa damu kukali, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Kama huna plastiki hiyo, weka beseni safi chini yake na umimine damu kwenye jagi lenye vipimo. Ikifika mililita 500, anza tiba, usingoje 500 nyingine. Na daftari la joto la friji lijazwe asubuhi na jioni, Jumapili zikiwemo.