Ukitaka kuishi kwa kuigiza na kutengeneza filamu Bongo

Vijana wanaonifuata wakitaka kuingia kwenye filamu karibu wote huniuliza namna ya kupata jina. Mimi nimeishi kwa kuigiza, na baadaye kwa kutengeneza filamu zangu mwenyewe, tangu enzi za VCD hadi leo, na ninachoweza kuwasaidia kwa uhakika ni jambo jingine: namna ya kubaki kazini. Nimeona majina makubwa yakizimika ghafla. Nimeona pia watu ambao huwezi kuwatambua ukipishana nao Mwenge wakijenga na kusomesha watoto kwa kazi hii hii. Basi, mdogo wangu, kila ninachokwambia hapa nimekipima kwa swali moja: je, kitakuacha bado unaitwa kazini miaka kumi ijayo?

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wetu tulitoka jukwaani. Marehemu Steven Kanumba, kabla hajawa steringi (mwigizaji mkuu) wa kujulikana hadi Kongo na Nigeria, alipitia Kaole, kundi ambalo michezo yake ilikuwa ikirushwa ITV. Jukwaa linakufundisha sauti, pumzi na kuheshimu mazoezi, na kama una nafasi ya kusoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, mahali palipofundisha sanaa tangu 1981, nenda. Ila kamera ina mambo yake. Jukwaani msiba unaulilia kwa mwili mzima ili mama aliyekaa nyuma kabisa auone. Kamera ikikusogelea hadi uso ukajaa kioo, kilio kile kile kinakuwa vurugu. Ukimeza mate, mtazamaji kaona. Ukikwepesha jicho, kaona. Kwa hiyo kabla ya kila sini muulize mpiga picha amekukata wapi: kifuani, kiunoni, au anakuchukua mwili mzima? Jibu lake ndilo linakwambia utumie kiasi gani cha mikono na sauti.

Halafu kuna mwendelezo, yaani kila kitu kifanane kutoka picha moja hadi nyingine, ambao wengi huuona ni shughuli ya mtu mwingine. Chukua sini ndogo ya chai. Unashika kikombe kwa mkono wa kulia, unapiga funda, unasema "Baba Asha hajarudi," unakiweka kwenye kisosi unaposema "tangu juzi." Umeme unakatika. Mnarudi baadaye kuchukua klozapu, picha ya uso kwa karibu, ya maneno yale yale. Safari hii unasema kwanza, ndipo unakunywa, na kikombe kiko mkono wa kushoto. Mhariri hana namna ya kuunganisha vipande hivyo viwili. Atakachofanya ni kuikalisha picha kwa mwenzako wakati wewe unaongea, na uso wako, hata kama ulilia machozi ya kweli, utabaki ndani ya kompyuta yake. Mwigizaji anayekumbuka kikombe chake anapata muda mwingi zaidi kwenye kioo, na sababu ni hiyo tu.

Na nguo vilevile. Kwenye filamu zetu nyingi mwigizaji anatoka na nguo nyumbani. Ziandike kwenye daftari: sini ya tano, kitenge cha bluu, hereni ndogo, bila saa. Zitie kwenye mfuko wake na usizivae sokoni wala kanisani mpaka picha iishe.

Sauti ndiyo iliyotuumiza sana Bongo. Tulikuwa tunashuti nyumba iliyopakana na gereji, bodaboda zinapita, jenereta linaunguruma uani, halafu tunamwekea mtazamaji muziki juu ya kila kitu ili asisikie. Kama mwigizaji unaweza kusaidia: usimalizie maneno yako juu ya maneno ya mwenzako, vua bangili zinazogongana, na mtu wa sauti akiomba nusu dakika ya ukimya arekodi hewa ya chumba, nyamaza kweli na uzime simu.

Ninayasema haya madogo kwa sababu ndiyo yanayokurudisha lokesheni. Mwongozaji anapopanga kast ya tamthilia mpya huanza na namba zilizomo kwenye simu yake. Anakumbuka nani alikuja kashika maneno na nani alisomewa mistari hapo hapo, nani alifika saa kumi na mbili asubuhi kama walivyokubaliana. Na siku hizi tamthilia ndizo zinazotulisha. Zamani ulimaliza filamu moja ukakaa kusubiri nyingine. Tangu vituo kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo vianze kununua kazi zetu, mtu akipata uhusika wa kudumu, hata wa mama mkwe mwenye sini chache kwa wiki, ana uhakika wa kodi ya nyumba. Usikimbilie ubosi na magari ya kukodi kwa ajili ya kuuza sura. Daktari anayetoa majibu ya vipimo, mjumbe wa nyumba kumi, shangazi aliyekuja kusuluhisha: wahusika hawa hawakosekani kwenye hadithi yoyote ya Kiswahili.

Panua pia mikono. Nimelipwa kwa matangazo ya redio, kwa michezo ya elimu ya afya, kwa kutia sauti. Kumbuka "Twende na Wakati" ilianza Radio Tanzania mwaka 1993, na waigizaji waliokuwa wakisikika humo walikuwa kazini hasa, ingawa hakuna aliyewaona uso. Leo tamthilia za Kituruki na za Kichina zinazungumzwa Kiswahili kwenye televisheni zetu, na wapo Watanzania waliofika Beijing kwa kazi hiyo ya sauti. Inataka Kiswahili safi, pumzi ndefu na jicho linalofuata midomo ya mtu mwingine.

Jifunze na kazi za nyuma ya kamera. Lupita Nyong'o, kabla hajachukua Oscar mwaka 2014, alishakuwa msaidizi kwenye uzalishaji wa filamu ya kigeni iliyopigwa Kenya, na mwaka 2009 aliandaa na kuongoza filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya. Mtu akishawahi kubeba taa, kupanga ratiba na kukaa na mhariri usiku, akirudi mbele ya kamera anajua kwa nini wanamwomba arudie. Na mwezi ambao hana uhusika, ana shughuli nyingine ya kumwingizia hela pale pale lokesheni.

Sasa nizungumze na mabinti, na wavulana pia maana nao yanawafika. Hakuna usaili wa gesti. Hakuna usaili wa usiku ambao unatakiwa uje peke yako. Usaili wa kweli una mahali panapojulikana, una zaidi ya mtu mmoja chumbani, unapewa maneno ya kusoma, na hutozwi hela ya fomu. Nimewaona wasichana wenye vipaji vikubwa wakiiacha kazi hii kwa sababu ya mtu mmoja aliyejiita prodyuza, na kila nikikumbuka nasikia hasira. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote aliokutumia, mwambie mtu mzima unayemwamini, ripoti TAKUKURU kwa namba 113. Na wewe uliyekomaa kwenye fani, ukimwona binti mgeni anabakizwa lokesheni wakati wenzake wamepanda gari, kaa naye mpaka apate usafiri.

Tuje kwenye mkataba. Enzi za VCD mtindo ulikuwa huu: mtayarishaji anakwenda na masta, yaani nakala kuu ya filamu, kwa msambazaji Kariakoo, anapewa hela ya mara moja, anasaini. Karatasi nyingi zilimwachia mnunuzi haki zote bila kikomo. Rafiki yangu mmoja aliuza hivyo filamu aliyoiandika, kuiigiza na kuiongoza yeye mwenyewe. Filamu ile ilikuja kuoneshwa kwenye televisheni, kisha ikapandishwa mtandaoni, na yeye akawa anaiangalia kama jirani yeyote wa mtaani. Hakuibiwa, alisaini. Ndiyo maana nasisitiza: uza matumizi, usiuze filamu. Mkataba utaje ni kituo gani au jukwaa gani, nchi zipi, kwa muda gani, na kama mnunuzi anaruhusiwa kuuza kwa mwingine. Ukikuta maneno "haki zote" na "milele," simama hapo na utafute mwanasheria. Hela ya kumlipa akusomee kurasa hizo ni ndogo kuliko unayopoteza.

Hakimiliki ya kazi yako inaanza pale unapoitengeneza, lakini kuisajili Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA, kunakupa karatasi ya kushika mkononi siku mtakapofikishana mbali. Upande wa mwigizaji mambo ni mepesi kidogo: taja siku za kushuti, nani analipa chakula na nauli, hela ya siku zikiongezeka, na malipo yagawanywe. Mimi hupokea nusu kabla ya kuanza, na nusu iliyobaki kabla ya siku ya mwisho kwisha, wakati bado wananihitaji. Niliwahi kuambiwa nitamaliziwa "filamu ikishauzwa," na hadi leo nasubiri.

Ukilipwa, kata bima ya afya mapema. Mwigizaji mwenzetu Sajuki alipougua, tulichangishana. King Majuto, aliyetuchekesha maisha yake yote hadi alipofariki Agosti 2018, naye ugonjwa wake ulizua maswali mengi hadharani kuhusu mikataba na kipato cha wasanii. Michango ile ilikuwa ya upendo na sitaisema vibaya. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka na miaka anastahili kuingia hospitali na kadi yake mkononi.

Mwisho, filamu yako mwenyewe. Anza na hadithi inayobebeka: watu watatu, nyumba mbili, mchana zaidi kuliko usiku, kwa sababu usiku unakula taa na mafuta ya jenereta. Maliza kuandika skripti yote kabla hujamwita mtu. Bara, kibali unakipata Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na filamu ikiisha wataikagua na kuipa daraja la umri. Ukivuka kwenda kushuti Mji Mkongwe, unaanza upya na BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko, maana Zanzibar ina utaratibu wake. Weka vibali kwenye bajeti na kwenye ratiba tangu mwanzo, visije vikakusimamisha siku umeshakodi kamera.

Ikikamilika, ipeleke kwenye matamasha. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu, inafanyika Zanzibar tangu 1998, na kukaa Ngome Kongwe katikati ya watu wasiokujua, ukawasikia wanacheka ulipotaka wacheke au wanaanza kuangalia simu zao kwenye sini uliyoipenda wewe, ni somo ambalo marafiki zako hawatakupa. Chukua daftari. Andika pale walipochoka.

Na tangu siku ya kwanza fungua faili la filamu hiyo. Weka humo skripti ya mwisho, mikataba ya waigizaji wote iliyosainiwa, idhini ya wenye nyumba ulizoshutia, ruhusa ya maandishi ya kila wimbo, kibali cha Bodi na cheti cha usajili. Muziki usiupuuze: beti moja ya taarabu iliyosikika kwenye redio ya jikoni bila ruhusa inatosha kuirudisha filamu nzima. Masta ihifadhi kwenye diski mbili, moja kwako na nyingine nyumba tofauti, pamoja na sauti ya maongezi ikiwa imetenganishwa na muziki, kwa sababu mnunuzi wa nje akitaka kuitia lugha yake ataiomba hiyo kwanza. Nimepoteza wateja wawili watatu kwa kusubiri sahihi ya mtu aliyehamia Mwanza. Faili likiwa limekamilika, meneja wa vipindi akipiga simu asubuhi unamtumia jioni, na wiki inayofuata mnazungumza bei.