"Hata lini?" nayo ni sala

Wiki hii mmeuliza: bendi uliyoipenda tangu ujana imeijenga imani yako au imeibomoa? Najibu kwa niaba yangu na ya wenzangu wachache tuliokua na U2 hapa Dar. Imeijenga, tena kwa zile nyimbo zake zenye maswali.

Wengi wanaijua U2 ya viwanja vikubwa na miwani ya Bono, mwimbaji wao. Mimi moyo wangu uko kwa wale vijana wanne wa Dublin wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watatu kati yao, Bono, mpiga gitaa The Edge na mpiga ngoma Larry Mullen, walikuwa kwenye kikundi cha sala kilichoitwa Shalom. Humo wakabanwa: muziki wa roki na Mungu haviendi pamoja. The Edge nusura aache bendi. Mimi napiga besi kanisani Kijitonyama, na maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa masikio yangu. Wazee walisema gitaa la umeme ni la baa.

Vijana wale waliendelea kupiga, na hawakumwacha Mungu nje. Mwaka 1983 wakaifunga albamu ya War kwa wimbo "40", yaani Zaburi ya 40: "Nalimngoja Bwana kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu." Mpiga besi wao, Adam Clayton, alikuwa ameshaondoka studio, hivyo The Edge ndiye aliyepiga besi, na jukwaani wakawa wanabadilishana vyombo. Besi ile haina mbwembwe. Inapanda kidogo, inarudi, inamwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu juu ya zaburi ya shukrani wakaweka kiitikio cha kuuliza, hadi lini? Ni swali la Daudi mwenyewe, lisome Zaburi ya 13. Kwenye maonyesho wanamuziki huondoka mmoja mmoja, ngoma za Larry zikibaki mwisho, na watu wanaendelea kuuliza kwa kuimba.

Nyimbo zetu nyingi za injili zinakimbilia ushindi. Nazipenda na nazipiga kila Jumapili. Lakini mtu aliyetoka kumwacha mgonjwa wake Muhimbili, huyo umwimbishe nini? Mimi nampa Zaburi ya 13, na besi ya taratibu.

Rafiki yangu wa Magomeni ni Mwislamu, na "40" anaipenda kunishinda. Anasema Zaburi aliteremshiwa Nabii Daudi, kwa hiyo kwake ile ni dua. Hapo hatujawahi kubishana.

Tunapobishana ni kuhusu Bono. Wapo wenzetu wanaosema siasa zilimmeza, imani ikabaki kwenye kanda za zamani. Sikubali hata kidogo. Kampeni ya Jubilee 2000 aliyoipigia debe, ya kutaka nchi maskini zisamehewe madeni, ilisimama juu ya Mambo ya Walawi 25, yaani yubile, mwaka wa kuachiliwa watumwa na watu kurudishiwa ardhi yao. Novemba 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni yake ya nje, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikafutwa. Haikuwa kazi ya mwanamuziki mmoja. Makanisa na wanaharakati wengi walisukuma, wa hapa nyumbani wakiwemo. Ila mwenye kuniambia kwamba hiyo ni siasa tupu, namjibu kwamba mpwa wangu alianza darasa la kwanza Januari iliyofuata, na dada yangu hakudaiwa ada.