Dada wa leso, USITUME hiyo gudwili kesho

Hebu ngoja kwanza. Umeuliza leseni, jina la duka lako la leso na tili ya kulipwa kwa simu, halafu katikati ukapitisha tu kwamba kesho unamtumia mpangaji anayehama laki na nusu ya gudwili akuachie duka lake karibu na Biashara Street. Dadangu, hiyo kesho ifute.

Mimi nlitoa zaidi ya hizo, duka la vitambaa hukohuko mjini. Broka alinambia gudwili ndo desturi ya hapa, mwenye nyumba anajua kila kitu, na nikizubaa kuna mtu mwengine ashakuja na pesa mkononi. Huyo mtu mwengine mpaka leo sijamuona! Nkalipa, nkapewa karatasi ina saini ya mpangaji na shahidi, na shahidi ni nani, broka mwenyewe, nkapaka rangi nkachongesha makabati nkajaza mali, mwisho wa mwezi mwenye jengo kaja kuchukua kodi ananiuliza we nani. Risiti zake zote zina jina la yule aliyehama, na yule kazima simu. Broka nlimkuta anakunywa kahawa na kashata, bila shaka kwa pesa yangu, eti kazi yake ilikuwa kutukutanisha tu. Mshenzi yule, alikula komisheni pande zote mbili.

Na usinambie sheria. Ipo, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano hatolewi hivihivi, lazima notisi rasmi isiyopungua miezi miwili na anaweza kupinga kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Tamu ee? Lakini yamlinda mpangaji, na kwa mwenye jengo mimi nlikuwa mtu aliyekutwa ndani na vitambaa. Nikalipa diposti upya, kodi ya juu. Cheka tu, hata mke wangu alicheka, ila baadaye sana.

Kwa hivyo shilingi isitoke mpaka mwenye jengo, si keateka si mwanawe, akae nanyi wawili asaini kwamba amekubali uingie, kodi ni kiasi gani, na risiti ya kwanza iwe na jina lako. Wakisema yuko Uarabuni, basi na pesa yako ikae mpaka arudi. Wakisema kuna mteja mwengine, wampe yeye.

Leseni nenda ofisi za kaunti. Hayo ya jina na tili wengine watajibu, wewe nijibu moja tu: huyo mwenye jengo ushamuona kwa macho yako?