Gari linalozima lenyewe: kabla ya kipuri, nunua daftari

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia mistari minne, nami sijalala vizuri tangu hapo. Gari lake linazima lenyewe likiwa njiani. Akisubiri kidogo linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ameshabadilisha pampu ya mafuta, plagi zote na koili moja (kile kinachozipa plagi umeme), na sasa fundi wake anamshauri aliuze. Akamalizia hivi: "Kaka, nimechoka kuonekana mwongo."

Hapo ndipo aliponigusa, maana mimi nilionekana mwongo kwa miezi saba mizima.

Mara ya kwanza nilikuwa naingia kwenye mzunguko wa barabara, watoto wamekaa nyuma, lori linanifuata kwa karibu. Injini ilizima bila kukohoa wala kutikisika. Usukani ukawa mzito ghafla, taa nyekundu zikajaa kwenye dashibodi, na lori likaanza kupiga honi. Nilifanikiwa kulivuta pembeni kwa mwendo uliokuwa umebaki. Baada ya dakika kumi hivi nikazungusha ufunguo, likawaka kwa mara moja. Mwanangu mdogo akaniuliza kama nilikuwa nafanya mchezo.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Akaliendesha akazunguka nalo, akarudi anatabasamu: "Mzee, gari zima hili." Kisha akachomoa waya wa betri kwa dakika kadhaa, "kompyuta ipumzike." Sikujua wakati ule kwamba kwa magari mengi kitendo hicho kinafuta kodi za hitilafu zilizohifadhiwa, yaani alama ambazo kompyuta ya gari huandika inapoona tatizo, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea. Ushahidi pekee niliokuwa nao uliondoka pale pale, mbele ya macho yangu, na mimi nikamshukuru.

Tukabadilisha pampu. Gari likatulia wiki mbili, nikamsifu fundi kwa kila mtu. Likazima tena. Tukabadilisha plagi na koili. Likatulia siku tisa.

Miezi iliyofuata naipita, ilikuwa ni marudio ya hayo hayo. Niseme tu kwamba nilisoma usiku na mchana, nikakutana na jina la sensa ya krenki kila ninapogeuka, nikainunua na kuifunga mwenyewe. Wiki tatu gari halikuzima hata mara moja. Nilijiona bingwa. Nikawapigia simu ndugu zangu kuwaeleza kazi ya sensa hiyo, kwamba inasoma meno ya gurudumu lililofungwa kwenye krenkishafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini (kwa magari mengi ni mpangilio wa meno 60 yakapunguzwa 2, ili pengo liionyeshe kompyuta injini imefika wapi), na kwamba kompyuta isipopata ishara hiyo inaamini injini imesimama, basi inakata umeme wa plagi na mafuta kwa pamoja. Nilieleza vizuri sana. Jumapili iliyofuata nikiwa natoka rivasi nyumbani kwa shemeji, ukoo wote umesimama unatuaga, gari likazima.

Shemeji akasema, "Labda linajua mwenyewe bahili." Watu wakacheka. Ni mzaha, najua. Lakini bado naukumbuka, na naandika haya nikiwa naukumbuka.

Usiku ule nilichukua daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa chache, nikaliweka kwenye droo ya gari pamoja na kalamu. Nikaapa sinunui kipuri kingine mpaka daftari liseme. Kila lilipozima niliandika: dakika ngapi tangu niwashe, nilikuwa gia gani, mwendo gani, nilikuwa nakanyaga nini, mafuta yapo kiasi gani, na mshale wa mzunguko wa injini ulianguka vipi.

Hilo la mwisho ndilo ningemwambia kila mwenye gari hata kama hana shida leo. Linapozima, macho yako yaende kwenye mshale huo wa RPM, ikiwa barabara inakuruhusu. Kwa magari mengi mshale ule unategemea ishara ile ile ya krenki. Ukianguka sifuri papo hapo ilhali gari bado linatembea na gia imo, yaani magurudumu bado yanaizungusha injini, basi kuna kitu kimekata ishara au umeme. Ukishuka polepole huku injini inakohoa na kukosa nguvu, nenda kwenye mafuta: pampu, chujio, rilei ya pampu (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha). Taa zote na redio vikikatika pamoja na injini, nenda kwenye betri, waya za arthi na swichi ya ufunguo. Na likizima tu pale unapoachia ekseleta ukikaribia kusimama, lakini ukiigusa ekseleta kidogo halizimi, nenda kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa masizi au kidhibiti cha sailensa, kile kinachoifanya injini iendelee kunguruma ukiwa umeachia ekseleta, kabla hujagusa kingine chochote. Ni dakika ishirini za dawa ya kusafishia na kitambaa.

Swichi ya ufunguo watu huidharau. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu swichi ilikuwa legevu kiasi kwamba mtikisiko, au uzito wa funguo nyingi, uliweza kuirudisha nyuma na kuzima injini njiani, na mifuko ya hewa ikakosa kufunguka kwenye ajali. Watu 124 walitambuliwa kuwa walikufa kwa kasoro hiyo. Kama unabeba funguo za nyumba nzima pamoja na ya gari, zitenganishe leo.

Turudi kwenye daftari. Baada ya majuma matano nilikuwa na matukio kumi na moja. Halikuwahi kuzima kabla ya dakika ya ishirini. Halikuwahi kuzima kwenye mwendo mkubwa uliotulia. Matukio nane kati ya kumi na moja yalikuwa ama natoka rivasi, ama naanza kuondoka, ama nafunga breki. Mafuta yalikuwa wakati mwingine robo, wakati mwingine tangi limejaa. Mshale ulianguka papo hapo mara zote kumi na moja.

Niliusoma ukurasa ule mara nyingi. Joto nililielewa haraka. Lakini rivasi, kuondoka na breki vina uhusiano gani? Nilikuwa naoga (samahani kwa picha hiyo) ndipo likanijia: hizo ni nyakati ambazo injini inacheza. Gari linapotulia barabarani injini inakaa mahali pamoja. Ukiingiza rivasi na kuachia klachi, injini inajaribu kupinduka upande mmoja. Ukiondoka mbele, inavutwa upande mwingine.

Nikamwomba mke wangu akae kwenye usukani, breki ya mkono juu, breki ya mguu chini kabisa, injini imeshapata moto. Nilisimama pembeni, mbele ya gari lenye gia usisimame hata kama dereva ni mama yako mzazi. Akaingiza rivasi, akaachia klachi taratibu mpaka injini ikaanza kulemewa. Injini ikainuka upande mmoja kama mtu anayetaka kuondoka kwenye kiti. Maunti, mpira ule unaoishikilia injini, ulikuwa umepasuka katikati.

Na kila injini ilipoinuka, fungu la waya linalokwenda kwenye sensa ya krenki lilikuwa linajisugua kwenye ukingo wa chuma. Klipu ya kulishikilia haikuwepo. Nani aliiondoa na hakuirudisha, sijui, na nimejitahidi sana nisimfikirie mtu. Nikachukua kijiti kikavu cha mbao, nikausogeza waya ule huku injini inanguruma. Ikazima. Tukaiwasha, nikausogeza tena. Ikazima. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akashuka kuangalia nimepatwa na nini.

Nilipomenya mkanda uliofunika, nikakuta ngozi ya plastiki imeliwa, nyuzi za shaba zinaonekana, mbili tatu tu ndizo zilizokuwa hazijakatika. Baridi, waya unagusana. Moto, plastiki inalainika, shaba inatanuka, mpira wa maunti unalegea, injini inacheza zaidi, waya unaachana. Unasubiri dakika kumi, vinarudiana. Na ndiyo maana sensa mpya "iliponya" gari wiki tatu: nilipoifunga niliusogeza waya, ukakaa mkao mwingine kwa muda. Sensa ya zamani ilikuwa nzima. Bado ninayo, nimeiweka juu ya kabati.

Nikakata kipande kibovu, nikaunga kwa risasi ya kuchomelea, nikavalisha mpira unaojibana kwa moto, nikapitisha waya ndani ya bomba la kinga na kufunga klipu mpya. Kisha maunti mpya, na hili nalisisitiza: ningeunga waya nikaacha maunti, ningerudi pale pale. Leo ni miezi kumi na minne. Halijazima.

Nilipita kwa yule fundi kumweleza. Alisikiliza huku anafuta mikono, akasema, "Nilihisi ni waya." Nikanyamaza. Mke wangu anasema nilifanya vizuri kunyamaza.

Sasa, ndugu yangu uliyeniandikia, na wengine wenye shida hii, nisikilizeni. Hitilafu inayokuja na kwenda haikamatwi kwa pesa. Inakamatwa ikiwa kazini. Ukimpelekea fundi gari linalowaka vizuri, unamwomba abahatishe, naye atabahatisha kwa pesa yako, na usimlaumu sana, ndicho ulichomwomba. Mpelekee maandishi. Mwambie "linazima likishapata moto, kwenye rivasi, mshale unaanguka ghafla," na uone sura yake inavyobadilika. Andika. Hata kama limezima mara mbili tu, andika.

Usiruhusu betri ichomolewe kabla gari halijapimwa kwa mashine. Tafuta hata kodi zinazosubiri, zile ambazo hazijawasha taa ya injini. P0335 inaelekeza kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, P0340 kwenye ule wa sensa ya kemshafti (mhimili unaofungua vali), P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na hapo unatafuta mpira wa hewa uliopasuka au pampu iliyochoka. Lakini soma vizuri nilivyosema: mzunguko wa umeme wa sensa. Kodi haikuambii sensa imekufa. Inakuambia ishara haifiki, na kati ya sensa na kompyuta kuna waya, soketi na arthi. Mimi nilisoma neno "sensa" nikakimbilia dukani.

Pima vitu rahisi kwanza. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika ni volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma alteneta ilete kati ya 13.5 na 14.5. Shika waya wa arthi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi uutikise, angalia kutu. Kama unashuku rilei, mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi lile lile, mara nyingi ya honi. Zibadilishane nafasi, kisha endesha siku kadhaa. Kama unashuku pampu, pima presha injini ikiwa na moto, si asubuhi baridi. Magari mengi ya petroli yenye sindano za kawaida huwa kati ya bar 3 na 4. Yale yanayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda yana presha kubwa mno, usifungue bomba lolote, mwachie mwenye vifaa. Na kisha andika ulichopata.

Likikuzimia barabarani kabla hujapata jibu: washa hazadi, kanyaga breki mara moja na uishikilie, usiipige-pige, kwa sababu buster, kisaidizi kinacholainisha breki, ina akiba ya mikanyago michache tu. Usukani utakuwa mzito lakini utageuka. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea, usukani utajifunga. Weka gia huru, jaribu kuwasha ukiwa bado unaserereka. Watoto ukiwa nao nyuma, ongea nao kwa sauti ya kawaida. Hili la mwisho hakuna fundi aliyenifundisha.

Kuhusu kuliuza kama fundi wako anavyosema: utamuuzia nani? Mtu mwingine mwenye watoto nyuma na lori linalomfuata? Mimi nilifikiria kuliuza mara mbili, naungama, na mara zote mbili nilipanga kumwonyesha mnunuzi asubuhi, likiwa baridi. Sijivunii hilo.

Umenitajia pampu, plagi na koili. Hujaniambia linazima baada ya dakika ngapi, wala ulikuwa unafanya nini na miguu yako, wala mshale ulianguka vipi. Kesho ukitoka nalo, angalia mshale. Niandikie hilo kwanza.