Ubovu wa gari unaorudi kila mara: pima kabla ya kununua spea

Pedi mpya, diski mpya, na baada ya kilomita elfu tano usukani unatetemeka tena ukikanyaga breki. Fundi anasema diski zimepinda, leta nyingine. Usilete bado. Spea ikifungwa mara ya pili na ubovu ukarudi uleule, ujue kuna kitu kinachoiua, na kitaiua na ya tatu.

Tukae kidogo kwenye hizo breki, maana lalamiko hili halikauki gereji. Diski inayosemwa imepinda mara nyingi haijapinda. Unene wake umeanza kutofautiana, sehemu moja nyembamba kuliko nyingine kwa mikroni kumi na kitu tu, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona lakini usukani unalisikia. Diski haitoki dukani ikiwa hivyo. Ilifungwa juu ya habu (kitovu cha chuma kinachoshika diski na gurudumu) yenye kutu, ikakaa upande kidogo, na kila inapozunguka inaigusa pedi palepale hata kama hujakanyaga breki. Panapoguswa panalika taratibu. Ndiyo maana gari hutoka gereji limetulia kabisa, mtetemo ukaja maelfu ya kilomita baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kazi ilivyofanyika.

Kwa hiyo, kabla diski mpya haijafungwa, uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka mizizi ya boliti, pale ambapo kutu hujificha. Diski ikazwe kwa nati zote, kisha izungushwe taratibu huku geji ya saa, kipimo chenye sindano kinachoonyesha myumbo mdogo, ikiwa imeigusa karibu na ukingo. Magari mengi madogo hayataki mchezo, yaani kuyumba huko kwa diski, uzidi milimita 0.05. Ukizidi, itoe diski, isogeze tundu moja, pima tena. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Halafu kuna ile bunduki ya upepo ya kukazia nati. Inaokoa muda, lakini inakaza nati moja kupita kiasi na ya jirani yake nusu, na diski inavutwa kombo hapohapo. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuruka, yaani ukikaza hii unafuata ya upande wa pili, na zimaliziwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi madogo huangukia kati ya nyutoni-mita 90 na 120. Zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Zile pedi kuukuu nazo usiziache zitupwe. Zilaze mbili za gurudumu moja kwenye kiganja. Ya ndani imebaki milimita 3, ya nje bado ina 8? Kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haitelezi: pini zake zimekauka, au pistoni hairudi. Pini nzima ukiisukuma kwa kidole inaingia na kutoka bila ubishi. Iliyokauka ivutwe, isafishwe, ipakwe grisi ya silikoni inayotengenezwa kwa breki. Grisi ya bearingi isiguse hapo, inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Wengi hununua pedi kila baada ya miezi michache kwa sababu ya kosa hili dogo.

Pedali ikiwa laini baada ya mteremko mrefu, hilo ni jambo lingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini kiwango cha chini kinachokubaliwa ikishanyonya maji ni 155, na ikichemka unakanyaga mvuke. Ibadilishwe kila miaka 2 hata kama chupa imejaa.

Betri ndiyo lalamiko la pili. Jioni gari liliwaka, asubuhi linatoa mlio wa tik-tik. Betri mpya inanunuliwa, baada ya miezi minne hadithi ni ileile. Pima kwanza. Betri nzima iliyopumzika usiku ina karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Washa injini: namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.7. Isipopanda, shida iko kwenye altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka), mkanda au nyaya zake. Ikipanda vizuri na betri bado inakufa, kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala.

Kukitafuta kunahitaji uvumilivu kuliko utaalamu. Betri iwe na chaji kamili. Fungua boneti na mlango wa upande wenye boksi la fyuzi, kisha ibonyeze kufuli ya huo mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Funguo ya rimoti ikae mbali. Weka multimita kwenye ampea 10, ukihakikisha waya mwekundu uko kwenye tundu la ampea, chomoa waya wa hasi wa betri na uiunge multimita kati ya waya huo na nguzo. Ukijisahau ukapiga starti katika hali hiyo, fyuzi ya multimita ndiyo itakayokwenda. Sasa subiri dakika 30 hadi 40, kwa sababu kompyuta za gari hazilali mara moja. Hapa ndipo wengi hukosea: wanasoma ampea 2 dakika ya kwanza na kutangaza wamempata mwizi.

Likishalala, magari mengi hubaki chini ya miliampea 50. Ukiona 300, hesabu yake ni ampea-saa 7 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kwa siku nne hivi. Vuta fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Anza na vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Taa ya buti isiyozima nayo ina historia ndefu.

Fyuzi zote zikiwa safi, angalia ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na gari. Rudisha waya, geuza multimita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya hasi yenyewe na nyingine chuma tupu cha injini, mwenzako apige starti. Ikizidi volti 0.3, waya wa ethi umeoza au umelegea. Ubovu huu hujivika sura nyingi, kuanzia taa zinazopungua nguvu hadi kodi, yaani namba za hitilafu zinazoandikwa na kompyuta ya gari, zinazolaumu sensa ambazo hazina kosa lolote.

Kuhusu gari kuchemsha nitasema machache. Thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, isitolewe. Injini ikikosa thamostati haifikii joto lake, inakula mafuta, na tatizo la awali linabaki pale pale. Anza na kifuniko cha rejeta, maana mpira wake ukifa shinikizo linapotea na maji yanachemka mapema. Injini ikiwa ya moto usikiguse.

Sasa namna ya kulalamika. "Gari lina shida" haimsaidii fundi wala haitakulinda dhamana ikibishaniwa. Andika tarehe, kilomita, injini ya baridi au ya moto, mwendo, na ulikuwa unafanya nini: "Mtetemo kwenye usukani, kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nikikanyaga breki tu, injini ya moto." Sentensi hiyo iingie kwenye karatasi ya kazi kama ilivyo. Usiandike "badilisha diski", kwa sababu watabadilisha diski na kazi yao itakuwa imeisha. Kodi zipigwe picha kabla hazijafutwa, pamoja na zile namba zinazoonyesha mwendo na joto wakati hitilafu ilipotokea. Spea ya zamani urudishiwe mkononi.

Hayo yote yanahusu ubovu unaojitangaza. Kuna unaokaa kimya, na huo ndio hatari zaidi. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo zaidi ya milioni 60 iliitwa irekebishwe nchini Marekani pekee, haiwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Baruti yake ya amonia naitreti huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha siku ya ajali kopo la chuma hupasuka na vipande kumrukia dereva. Kodi hutaipata, dalili hakuna. Mwaka 2014 General Motors iliita magari yanayofikia milioni 2.6 kwa sababu swichi ya funguo iliweza kurudi nyuma yenyewe safarini: injini inazima, usukani unakuwa mzito, mifuko ya hewa haifunguki. Uzito wa rundo la funguo ulichangia, kwa hiyo funguo ya gari ining'inie peke yake, hata kama gari lako si la kampuni hiyo. Mkeka wa dereva nao uwe mmoja tu, umeshikwa na ndoano zake. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari kwa sababu mkeka ungeweza kuishika pedali ya mafuta. Ikikutokea, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, tia gia huru, toka barabarani, ndipo uzime injini.

Njia ya kujua kama gari lako limo kwenye wito wa namna hiyo ni namba yake ya utambulisho, herufi na tarakimu 17, iliyo chini ya kioo cha mbele upande mmoja au kwenye nguzo ya mlango. Haina I, O wala Q, kwa hiyo unachodhani ni O ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya chasisi yenye kistari katikati, nayo hutafutwa kwenye orodha za Kijapani, kwani ukurasa wa Marekani hautaitambua. Iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na urudie kila baada ya miezi 6, kwa sababu gari ambalo leo halimo linaweza kuongezwa kesho. Matengenezo ya wito wa namna hiyo kwa kawaida hayalipiwi, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.