Maswali na majibu: dawa ya kusafishia bunduki, na ile chupa ya soda

Barua za mwezi huu ni nyingi na nusu yake zinauliza jambo moja: nichanganye nini nyumbani nisafishie bunduki bila kununua dawa ya dukani? Nimechagua chache. Mlioandika bila kusema ni bunduki gani wala inapiga risasi za wapi, mniwie radhi. Hata mganga huuliza kinachouma.

Petroli inafaa? (Mlinzi, Mwanza)

Haifai.

Mbona fundi wetu anaitumia miaka yote na hajawahi kuungua? (Huyohuyo, wiki moja baadaye)

Bado hajaungua, sema hivyo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike joto la nyuzi 38 hivi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mwanza saa saba mchana. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki kwenda zake. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukalikuta jiko la mkaa la jirani, na moto ukarudi kwa njia ileile mpaka kwenye beseni lako. Tena petroli hukausha chuma kikabaki bila hata utando wa mafuta, kutu ikapata pa kuanzia. Swali hili nimelijibu mara nne. Hii ni ya tano na ya mwisho.

Wamarekani wana mchanganyiko wao mwekundu unaosifiwa sana. Naomba vipimo. (Mwindaji mwenye leseni, Arusha)

Unaitwa Ed's Red, kwa jina la Ed Harris aliyeutangaza. Hakuuokota hewani. Alianzia kwenye dawa ya zamani ya karakana ya jeshi la Marekani iliyokuwa Frankford, Philadelphia, ambayo ndani yake mlikuwa na mafuta ya nyangumi. Pahali pa nyangumi yeye akaweka oili ya giaboksi ya otomatiki, na wekundu umetoka humo.

Vipimo ni sawa kwa sawa: kikombe kimoja cha oili hiyo ya giaboksi aina ya Dexron, kimoja cha mafuta ya taa, kimoja cha tapentaini ya wapaka rangi (ile ya petroli, si ya utomvu wa msonobari), na kimoja cha asetoni. Anayetaka kinga zaidi dhidi ya kutu huongeza lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Mafuta ya taa na tapentaini hulegeza masizi ya baruti, asetoni hushughulikia uchafu uliokauka ukawa kama vanishi, na oili hubeba uchafu usigande tena kisha huacha utando kwenye chuma. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha si asetoni ya kazi hii. Nyingi zina maji na marashi, na nyingine hazina asetoni kabisa.

Kama huna pa kufanyia kazi nje, iache asetoni. Mchanganyiko utakuwa mpole kidogo lakini utasafisha, na kitako cha bunduki yako kitasalimika. Mimi niliwahi kuudondosha wenye asetoni kwenye kitako cha bunduki ya mzee jirani yangu, tone moja tu. Nilipofuta kwa kitambaa, vanishi ilikuja nayo kama ngozi ya maziwa. Mpaka leo akiniona huniuliza, "Mtaalamu, hujambo?"

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Utauweka kwenye chombo gani? Najua: chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu ndiyo iliyopo. Chukua mchanganyiko huo, utie kwenye chupa ya nusu lita, uusimamishe dirishani. Unafanana na nini? Na juisi ya rozela. Mtoto wa miaka mitatu akitoka kucheza na kiu yake hasomi kibandiko. Watoto wetu hulazwa kila mwaka kwa kunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa za namna hiyo, na hayo yana harufu ambayo kila nyumba inaijua. Akinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa eti yavunje sumu. Mafuta haya huua kwa kuingia kwenye mapafu, na kumtapisha ni kuyapa nafasi ya pili. Mkimbize hospitali pamoja na chombo chenyewe. Tumia kopo la bati lenye kifuniko cha kuzungusha, liandike, lifungie unakofungia bunduki. Asetoni nayo hushambulia baadhi ya plastiki, na vile vikombe vyepesi vyeupe vya chai huyeyuka ukiwa umevishika mkononi.

Oili chafu ya gari je? (Tanga)

Paka mbao, mchwa wakome. Bunduki imekukosea nini?

Nina bunduki ya Kirusi, Mosin-Nagant, napiga risasi za zamani za Kisovieti. Niliisafisha vizuri kwa Ed's Red, baada ya siku nne nikakuta kutu kwenye mtutu. Nimekosea vipimo? (Mtanzania, Ohio)

Vipimo havina kosa. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Fataki (kile kidude cha kuwashia baruti nyuma ya risasi) za risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa hii ya mezani. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma. Sasa fanya jaribio la jikoni. Tia chumvi kidogo kwenye glasi ya mafuta ya taa, ukoroge, uache mpaka asubuhi. Utaikuta chini imetulia vilevile. Tia nyingine kwenye maji ya moto, haimalizi dakika. Mtutu wako ulipata masaji ya mafuta, chumvi ikabaki chini yake.

Kwa risasi hizo, siku hiyohiyo ya kupiga, anza na maji ya moto. Mimina kupitia mtutu, pitisha vitambaa mpaka vitoke vikavu, usisahau uso wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), halafu ndipo ulete mafuta. Watu wanaogopa kutia maji kwenye bunduki huku wakiiachia chumvi ilale humo. Uchafu wa bunduki si wa aina moja: masizi husikia mafuta, chumvi husikia maji, na shaba haisikii lolote kati ya hayo. Anayekuuzia kopo moja la kumaliza vyote anakuuzia kopo.

Kitambaa kinatoka cheupe, lakini nikimulika mdomo wa mtutu naona michirizi ya rangi ya shaba. (Nanyuki)

Ni shaba kweli, ile iliyovikwa kichwa cha risasi imejisugua kwenye mifuo, mistari iliyochongwa ndani ya mtutu. Ed's Red haiondoi shaba na haikuundwa kwa kazi hiyo. Nunua dawa yenye amonia iliyotengenezwa kwa mitutu, fuata dakika zilizoandikwa, usiiache ilale humo. Ikifanya kazi kitambaa hutoka na buluu. Ila usitumie brashi ya shaba wakati huo, maana dawa itaila brashi, nawe utasugua mpaka usiku ukishangilia buluu ya brashi yako. Amonia na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe zisikutane kabisa, zikikutana hutoa gesi ya sumu.

Klabuni kwetu wanachanganya siki na haidrojeni peroksaidi kuondoa madini ya risasi kwenye mtutu wa bastola. Inafanya kazi kweli! (Nairobi)

Inafanya, na ubaya uko hapo. Madini yaliyokuwa yameganda kwenye chuma sasa yameyeyuka, yamekuwa asetati ya risasi, sumu yenye utamu. Utaimwaga wapi? Kwenye sinki la vyombo? Chini ya mpapai? Ukizembea dakika chache, inakula na ile rangi nyeusi ya bunduki. Tumia brashi ya shaba na mkono wako, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Spirei ya kusafishia breki? (Wengi)

Soma kopo. Yenye klorini ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi ya sumu iliyotumika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mafundi wa kuchomelea mmesikia.

Nimerithi gobole la babu, limejaa kutu. Nilisafishe kwa dawa gani? (Bila jina, bila mahali)

Hukuandika jina, kwa hiyo nusu ya jibu unayo. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba, na la babu sidhani kama lilikuwa nayo. Lakini hata tukiiweka sheria kando, usiliguse. Gobole hushindiliwa kwa mdomoni, halina pa kufungua nyuma ukachungulia, nawe hujui babu aliliweka ukutani likiwa tupu au likiwa na baruti ndani. Ukiingiza ufito kulisugua, uso wako uko mbele ya mtutu. Liache lilipo, watoe watoto chumbani, mwambie mwenyekiti wa kijiji aite polisi walichukue wao. Usilitie hata tone la mafuta.