Barua kwa mwanangu: watoze watumiaji wako, kidogo kidogo

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa baba yako na goti lake lile lile, na vumbi la mwezi huu halina adabu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Mimi jambo zito sijui kulijibu kwa kuongea peke yangu na simu, kwa hiyo nakuandikia.

Umeniuliza hivi. Programu yako ya mazoezi na lishe, ile mliyoianza mkiwa bado Chuo Kikuu cha Dodoma, watu waliipakua kwa wingi mwanzoni, sasa wengi hawaifungui na fedha zinakwisha. Imetokea kampuni iko tayari kubeba gharama zote ili programu ibaki bure, ila sharti lao ni kuziona taarifa za watumiaji: uzito, presha, sukari, umri, mtaa na namba ya simu. Njia ya pili ni kuwatoza watumiaji wenyewe, na mwenzako anasema Mtanzania halipii programu ya simu. Unataka nikwambie ushike njia ipi.

Watoze. Na fedha za hiyo kampuni, kwa sharti hilo, zikatae.

Naanzia ninapopajua. Miaka yangu mingi ya uuguzi niliimalizia kwenye kliniki ya presha na kisukari. Presha ina shida moja kubwa kwa anayeihudumia: haiumi. Mtu kaja kwa sababu ya homa, anapimwa, mashine inasoma 180 kwa 110, anaogopa, anapokea dawa, anaahidi kila kitu pamoja na kuacha chumvi. Wiki kadhaa zikipita anajisikia vizuri. Akishajisikia vizuri anaona kapona, dawa zinabaki kabatini, tarehe iliyoandikwa kwenye kadi inapita. Sisi tulimwita mtoro. Wengine walirejea siku mdomo umeshapinda.

Mtumiaji wako ni mtoro wa aina hiyo hiyo. Anapakua Januari, au siku suruali imegoma kufunga. Siku ya pili mapaja yanauma, anajipa mapumziko, na mapumziko hayo hayana tarehe ya kuisha. Kwa hiyo usilie sana kwamba programu ni mbovu. Lakini na mimi usinitajie tena idadi ya waliopakua. Kliniki haijisifu kwa kadi ilizoandika, inaangalia nani karudi tarehe yake. Nitafutie walioifungua wiki ya nne, na kati yao ni wangapi waliofanya zoezi kweli, siyo kufungua na kufunga. Ukiwa na idadi hiyo mkononi ndipo utajua una biashara au huna, hata kama ni watu wachache wa kukaa kwenye daladala moja.

Nini kilikuwa kikiwarudisha watoro? Mara nyingi ni mtu. Mabango ukutani yalikuwepo na hayakumrudisha yeyote ninayemkumbuka. Aliyerudi ni yule aliyepigiwa simu na muuguzi anayemjua kwa jina, au aliyepitiwa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaa wake, au aliyepangiwa siku moja na jirani yake. Benchi letu la kusubiria lilifanya kazi kubwa kuliko tulivyoipa sifa. Wazee waliotoka Bahi na wale wa Chamwino walikutana pale kila mwezi, wakajuliana hali, wakaulizana, "Yule mwenzetu wa baiskeli mbona leo hayupo?" Yule wa baiskeli akisikia kwamba aliulizwa, mwezi unaofuata anakuja. Sasa wewe programu yako inalia saa kumi na moja alfajiri, "Muda wa mazoezi!", mtu anaizima hata macho hajafumbua. Nani atamwonea haya mashine?

Sisi sote tuliosoma shule za msingi tulikimbia mchakamchaka, na sidhani kama kulikuwa na mtoto aliyeamka na hamu ya kukimbia. Wimbo umeanza, mstari umeondoka, unabaki nyuma na nani? Vikundi vya jogingi vya Jumamosi vinaendeshwa na nguvu hiyo hiyo. Na hapo ndipo ninapotofautiana na huyo mwenzako. Watu hao hao anaosema hawalipi wanalipa ada ya kikundi, wanalipa fulana, wanachangia msiba wa mwanachama, wanalipa kiingilio cha NBC Dodoma Marathon, na bando wananunua kila siku ya Mungu. Wanacholipia ni kitu kinachowajua. Programu iliyowasahau tangu siku ya kwanza hawailipii, na hilo silioni kuwa ni umaskini.

Kwa hiyo kiuzie kikundi. Kiongozi wa kikundi aone nani kaja na nani hayupo leo, apate kumpigia. Uzito wa mtu asiuone, hiyo ni siri ya mwenyewe. Bei iweke kwa mwendo ambao watu wameshauzoea kwenye vifurushi vya simu, kwa wiki, kitu kama shilingi 500, ilipwe kwa M-Pesa au Airtel Money. Wiki asiyotumia asikatwe. Najua vitabu vyenu vya biashara vinasema ukate kila mwezi kimyakimya mpaka mtu aje agutuke. Ukifanya hivyo utapata fedha za mwezi mmoja na maneno ya mwaka mzima. Mpe wiki mbili za kuonja bure, halafu mwombe. Atakayelipa wiki ya tatu amekwambia jambo ambalo hakuna dodoso lingekwambia.

Na punguza video. Kila video unayoweka inakula bando la mtu, na wa kwanza kuifuta programu ni yule unayemtaka sana, mama wa Chang'ombe mwenye simu ndogo iliyojaa picha za wajukuu. Sauti inatosha. Mtu anahitaji kuhesabiwa na kuambiwa pumzika sasa, basi.

Sasa hiyo kampuni. Sijui nia yao na sitaki kuwasingizia. Ila kliniki nilijifunza jambo moja kuhusu siri: walikuwepo watu waliopanda basi kupita vituo viwili vya afya vilivyo karibu nao, wakachukulie dawa mji mwingine, ili wasionekane. Dodoma imekua tangu serikali ihamie, lakini ofisi ni zile zile na watu wanajuana. Mhasibu wa wizara pale Mtumba akijua kwamba sukari yake inaweza kusomwa na mtu wa bima, mwajiri au mkopeshaji, atakuandikia uongo. Ataandika kilo 70 wakati ana 94. Na programu inayoshauri kwa kufuata uongo haina faida kwake wala kwako, wala kwa hiyo kampuni inayozitaka taarifa hizo.

Watu wameshaumizwa pia. Unakumbuka mikopo ya kausha damu ya kwenye simu, ile iliyokuwa ikipigia mpaka wakwe wa mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mtu aliyepitia hayo, programu yako ikimwomba ruhusa ya kuona orodha ya majina kwenye simu yake, anakumbuka yote. Kwani wewe majina hayo ni ya nini? Yatoe.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichezewi bila ridhaa ya mwenyewe, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Umesajiliwa? Kwenye ujumbe wako hukusema, na ukinyamaza huwa najua.

Hata huko Marekani haya yamewakuta wakubwa. Flo, programu ya wanawake ya kufuatilia hedhi, ilishitakiwa na tume ya biashara ya huko kwamba iliwaahidi watumiaji usiri huku ikizipeleka taarifa zao kwa kampuni kama Facebook na Google. Januari 2021 ikaingia kwenye makubaliano na tume hiyo. MyFitnessPal, programu ya kuandika unachokula, ambayo wewe unaitaja kila mara, ilinunuliwa na kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour mwaka 2015 kwa dola milioni 475. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za akaunti kama milioni 150. Mwaka 2020 ikauzwa tena, kwa dola milioni 345. Sisemi iliporomoka bei kwa sababu ya wizi ule, mambo ya soko ni mengi. Nasema wao walikuwa na mawakili na mafundi wa kutosha kusimama tena. Wewe una nani?

Lakini kwenye hadithi hiyo kuna kitu cha kuiga. Mwanzilishi wa MyFitnessPal, Mike Lee, alitaka kupungua kabla ya harusi yake. Akapewa kijitabu cha vyakula ajaze alichokula, akaona adha, akatengeneza cha kwake kwenye kompyuta. Orodha ya vyakula ndiyo ilikuwa moyo wa kitu chake. Ya kwako nimeijaribu. Imeniuliza kama asubuhi nimekula shayiri na matunda ambayo soko la Majengo sijawahi kuyaona. Ugali wa uwele haumo! Mlenda haumo. Chapati imo lakini imeandikwa gramu, na hapa nyumbani mzani wa jikoni hatuna. Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo kikuu cha Harvard walitoa mwaka 2008 majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Anzia humo, halafu pima kwa bakuli, ngumi na kijiko cha mafuta. Kazi hiyo inachosha na haina picha nzuri ya kumwonyesha mwekezaji, lakini akija mshindani kutoka nje na fedha nyingi, hicho ndicho hatakuwa nacho.

Nikiwa hapo hapo, hizo hatua 10,000 zako zipunguzie ukali. Namba hiyo ilianza Japani mwaka 1965 ikiuza kifaa cha kuhesabia hatua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya kutembea haraka kwa siku tano, mtu amefika. Mwambie mtu dakika, ataelewa. Na usimpangie kutembea saa kumi alfajiri kama hujui anakaa wapi: wanawake wa huku wanaotoka mapema wanatoka wawili wawili, wakiogopa mbwa na vibaka, na kuanzia saa tatu jua la Oktoba linakurudisha ndani.

Lipo moja ambalo kwalo nitakuwa mkali. Kabla programu haijampangia mtu zoezi lolote, imuulize kama anatumia dawa za presha au kisukari, kama ana ujauzito, kama kifua huwa kinambana akipanda ngazi. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza baadhi ya vidonge vyake, akikimbia asubuhi hajala, sukari inaweza kushuka akaanguka barabarani. Nimewapokea wa namna hiyo, wameletwa na bodaboda wakidhaniwa wamelewa. Akijibu ndiyo, programu isijifanye daktari, imwelekeze kliniki kwanza. Na hilo zoezi lenu la kufunga kula kwa muda wa saa kumi na sita litolewe kabisa kwa watu hao. Mtafute tabibu awe anapitia mnayoyaandika, na mlipeni.

Kiwanja cha Ihumwa usikiuze. Hilo halina maelezo. Ajira yako ya muda huko Dar es Salaam nayo iendelee mpaka vikundi viwe vinalipa gharama za mwezi bila wewe kuongezea. Mwenzako akiona unamchelewesha, mwambie aje nizungumze naye, nitampikia.

Hiyo kampuni wajibu kwa heshima. Waulize kama wako tayari kulipia vikundi vya wafanyakazi wao wenyewe watumie programu, kwa bei ile ile ya watu wengine, bila kuona taarifa ya mtu hata mmoja. Wakikubali, wamekuwa wateja, karibu sana. Wakikataa, utakuwa umejua walichokuwa wanakinunua.

Ukija na treni mwisho wa wiki, njoo na huo mkataba wao umechapishwa, usinionyeshe kwenye simu. Nataka kuusoma ukurasa unaosema taarifa zitahifadhiwa wapi, na nani atazichukua kampuni yako ikifungwa. Usiusaini kabla sijauona. Na umletee baba yako dawa ya kuchua goti, ya huku imemwisha.

Mama yako